Jibu: Mbona hamvuki tena kwenda Buffalo?

Ndugu, umeuliza mbona sisi wa Ontario, Kanada, hatuvuki mpaka tena kwenda Buffalo, mji wa Marekani, kununua vitu kama zamani. Mwaka 2011 dola ya Kanada ilifikia ya Marekani, hata ikaipita kidogo; watu walirudi na matairi mapya kwenye buti la gari. Siku hizi ya kwetu inapata senti 70 na kitu za kwao. Viatu vya dola 100 kule, kwenye kadi yangu vinasoma karibu 140, na benki nyingi huongeza asilimia 2.5 juu yake. Ukirudi siku hiyohiyo, msamaha wa ushuru hupati. Bado mafuta! Matembezi yetu sasa ni maporomoko ya Niagara, upande huu wa Kanada, chapati zimefungwa kutoka nyumbani.