Tapentaini kwenye mlango wa mbao: kuijua, kuichanganya, kuipaka

Pima kwanza. Chukua chupa tupu, iweke kwenye mizani ya jikoni, kisha mimina nusu lita ya hicho ulichouziwa kama tapentaini, kile kiyeyusho cha rangi na mafuta. Tapentaini halisi itakuja gramu 430 hivi, ukitoa uzito wa chupa. Ikija 390 au 400, mkononi una spiriti nyeupe au mafuta ya taa, vyote vya petroli. Spiriti nyeupe si mbaya, inasafisha brashi vizuri tu na bei yake ni nafuu, lakini usiilipie bei ya tapentaini. Kipimo cha pili ni karatasi nyeupe: dondoshea tone moja, kisha usubiri. Tapentaini safi hukauka bila kuacha alama. Mafuta ya taa huacha doa la mafuta kwa muda mrefu, na tapentaini iliyozeeka huacha duara linalonata.

Asili yake ni utomvu wa misindano, ile misonobari inayogemwa hata Sao Hill kule Mufindi. Utomvu hutiwa kwenye mtambo wa mvuke, na aliyewahi kuona makonyo ya karafuu yakikamuliwa mafuta pale Wawi, Pemba, hana jipya la kufundishwa: mvuke unabeba mafuta, unapozwa, mafuta na maji yanajitenga. Tofauti ni kwamba mafuta ya makonyo huzama chini ya maji, tapentaini huelea juu. Kinachobaki mtamboni ni ulimbo mgumu wa rangi ya asali, unaoingia kwenye karatasi, sabuni na kazi ya kulehemu kwa risasi. Tapentaini yenyewe viwandani haiishii kwenye rangi. Humo hutengenezwa kafuri, manukato na dawa za kusafishia sakafu zenye harufu ya msonobari.

Nyumbani kazi yake kubwa ni kuyeyusha kitu kizito, kukipenyeza ndani ya mbao, kisha kuondoka zake. Kwa mlango wa msaji au mfenesi unaopigwa na upepo wa bahari hilo ndilo linalotakiwa. Vanishi nene hupendeza miezi michache, kisha jua huipasua, unyevu huingia chini yake na mbao huwa nyeusi kwa ndani.

Fanya kazi hii kaskazi ikishatulia, Januari au Februari, au Agosti wakati wa kusi. Masika usiguse. Osha mlango kwa maji baridi na brashi laini utoe chumvi, hasa kwenye mifereji ya nakshi na kuzunguka misumari ya shaba, kisha uache ukauke siku mbili kamili. Penye ukungu mweusi sugua kwa siki. Piga msasa namba 180 kufuata nyuzi za mbao, lakini nakshi usiipige msasa: makali ya kuchonga yakishalainika hayarudi.

Mkono wa kwanza changanya mafuta ya kitani yale ya dukani yanayoitwa yaliyochemshwa (boiled linseed oil) na tapentaini, kiasi sawa kwa sawa. Nusu lita ya mchanganyiko inatosha upande wa nje wa mlango mkubwa. Paka, subiri dakika 15 mpaka 20, halafu futa yote ambayo mbao haikunywa. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Mafuta yaliyobaki juu hayakauki vizuri. Yanakuwa gundi, yanashika vumbi la njia, na ukungu unapata chakula. Kama tayari mlango unanata, lowesha kipande cha gunia kwa tapentaini usugue mpaka utelezi uishe. Usitumie nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kwani vipande vyake hubaki kwenye mbao, vinashika kutu na kuacha madoa meusi.

Mkono wa pili, baada ya saa 24 au siku tatu hewa ikiwa nzito: mafuta mawili kwa tapentaini moja. Wa tatu si lazima.

Upande wa ndani unaweza kumalizia kwa nta. Paruza gramu 100 za nta ya nyuki kutoka kwa warina asali, itie kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, mimina mililita 250 za tapentaini, ufunge na uiache kivulini mpaka kesho yake au keshokutwa. Joto letu linatosha kuiyeyusha. Ukiwa na haraka, simamisha chupa kifuniko kikiwa kimelegezwa ndani ya bakuli la maji moto, mbali na jiko. Mvuke wa tapentaini hushika moto kuanzia nyuzi joto 35 hivi, na chumba chini ya bati mchana wa Februari hufika hapo bila taabu. Nta ya nje ya mlango sishauri. Jua huilainisha na vumbi hukaa.

Matambara nayo. Tambara lenye mafuta ya kitani likifumbatwa na kutupwa pembeni hujipasha joto lenyewe na linaweza kuwaka bila kiberiti, na katika nyumba ya boriti za mikoko hiyo si hatari ya kuchezea. Lianike nje moja moja mpaka likauke gumu, au lizamishe kwenye ndoo ya maji.

Tapentaini chafu ya kuoshea brashi usiimwage chooni wala karibu na kisima, kwa kuwa jiwe letu la matumbawe halichuji kitu. Iache kwenye chupa itulie siku mbili tatu, mimina ile safi ya juu uitumie tena. Ihifadhi kwenye kioo au kopo lililojaa karibu na mdomo, maana ikikaa na hewa inazeeka, inakuwa ya njano na kuwasha ngozi zaidi.

Isikae kamwe kwenye chupa ya maji au soda. Wapo wanaosema kijiko kimoja hutoa minyoo. Tapentaini ni sumu, na kwa mtoto kijiko kikubwa kimoja kinaweza kuua. Akinywa, msimtapishe, kwani ikirudi huingia mapafuni. Mkimbizeni hospitali na chupa yenyewe mkononi.