Fundi, lori la vita limekwama injini: nilinunue?

*Shikamoo Fundi. Nina miaka 34 na tangu utotoni napenda magari ya jeshi. Nimepata GMC CCKW ya Vita Kuu ya Pili, lile lori la matairi kumi. Limelala bandani zaidi ya miaka 20, injini haizunguki hata kidogo, na mbao za bodi ya nyuma zimeoza. Mwenyewe anasema lilipoegeshwa lilikuwa linatembea. Kuna mtu mwingine anauza la aina hiyohiyo, limepakwa rangi, linawaka, ila bei yake ni mara tatu. Nichukue lipi? – Mpenda Chuma*

Marahaba, mwanangu. Kila gari bovu nililowahi kuuziwa lilikuwa linatembea lilipoegeshwa. Kauli hiyo iache ipite, mwenyewe anafanya biashara.

Wewe umeanza na injini, na hapo ndipo wengi tunapotea. Injini ya CCKW ni ya petroli, silinda 6 mstari mmoja, lita 4.4, haina siri yoyote. Ya kwangu niliikuta imekamata vilevile. Nilitoa plagi zote, nikamimina kila tundu oili ya gia boksi ya otomatiki iliyochanganywa na asetoni nusu kwa nusu, nikaziba kwa vitambaa, nikaenda zangu. Kila jioni nikawa narudi kuweka bisibisi kwenye meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, na kubembeleza: kidogo mbele, kidogo nyuma. Siku ya 16 ikasogea jino moja. Nilikaa chini sakafuni nikacheka peke yangu. Ila usije ukaifunga kamba ukaivuta na gari jingine ili izunguke kwa nguvu. Utapinda konrodi, chuma kinachoshika pistoni, na hapo ndipo utakuwa na injini mbovu kweli.

Kwa hiyo injini iliyokwama ni sababu ya kuomba upunguziwe bei, si sababu ya kukimbia. Kinachonitisha mimi kiko chini ya lori. Chukua tochi na kipande cha boksi la karatasi cha kulalia, uingie. Tazama kwanza difu, zile gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu. Malori haya yalitengenezwa na ekseli za aina mbili. Moja nyumba yake ni ya duara, kipande kimoja, ina mfuniko wa boliti. Hiyo ndiyo banjo. Nyingine imegawanyika katikati, kama mabakuli mawili yaliyofumbatanishwa mdomo kwa mdomo. Vipuri vya ndani vya hii haviingii kwenye ile. Nakwambia kwa uchungu, kwa sababu mimi niliwahi kununua sanduku zima la gia za difu, zimefungwa kwenye karatasi yake ya grisi, safi kama za jana, kisha nikaingia chini ya lori langu kwa mara ya kwanza. Lilikuwa la banjo. Sanduku lilikuwa la zile za vipande. Nalikanyagia hadi leo nikitaka kufikia rafu ya juu.

Ukiwa hapohapo chini, pitisha kidole kwenye chesi, ule uti wa chuma unaobeba lori, hasa kwenye ribiti na mabano ya springi. Lori hili lilipangiwa tani 2 na nusu kwenye njia mbaya, lakini vita havikuheshimu kipimo. Mwaka 1944 huko Ufaransa, kuanzia Agosti 25 hadi Novemba 16, malori ya namna hii yalikimbizwa usiku na mchana kwenye msafara wa mizigo ulioitwa Red Ball Express, madereva wengi wakiwa Wamarekani weusi, na mzigo ulipita kipimo mara nyingi. Halafu baada ya vita yakaja majeshi mengine, wakataji magogo, wakulima. Ufa uliochomelewa na mtu mwenye haraka utauhisi kwa kucha kabla hujauona.

Hilo la bei mara tatu silikatai. Linaweza kuwa rahisi kuliko la bandani, maana kazi ya miaka mitano ya mtu mwingine unaipata kwa pesa moja. Lakini rangi mpya ya kijani ni gunia, na ndani yake unaweza kuuziwa mbuzi. Nenda na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, ipitishe kwenye milango, kwenye pembe za kebini, chini ya kioo. Inapokataa kushika, hapo kuna pati ya kuzibia mashimo, chuma hakuna. Muulize picha alizopiga kabla ya kupaka. Mtu aliyefanya kazi kwa moyo huwa nazo nyingi hadi anakuchosha. Asiye nazo hata moja, mimi humuaga nikaenda zangu.

La bandani nalo lihesabie vitu vidogo. Mbao za bodi zisikuumize kichwa. Seremala anayejua kusoma vipimo atazitengeneza. Angalia geji, taa, vitasa, vishikizo vya boneti, na vile vibati vya maelezo kwenye mlango wa kisanduku cha dashibodi. Vitu hivi vikikosekana ndivyo vinavyokula miaka. Geji zenyewe usizifungue: rangi iliyofanya mishale ing'ae gizani enzi zile mara nyingi ilitiwa radiamu.

Kisha omba ruhusa usugue boneti ubavuni, kiganja kimoja tu, kwa msasa laini wa maji. Mimi nilipofanya hivyo ikatoka rangi ya bluu ya mkulima, chini yake nyekundu, chini yake kijani kilichokufa, halafu ukingo mweupe uliopinda. Ilikuwa tarakimu ya 4. Malori ya uzito huu katika jeshi la Marekani yalipewa namba zilizoanza na 4, na ukiona S mwishoni ujue waya zake zilikingwa ili cheche zisisumbue redio. Boneti zilibadilishwa sana kati ya gari na gari, kwa hiyo namba hiyo isikufanye uongeze hata senti. Lakini mikono ilinitetemeka.

Ukinunua, kabla ya kutembea popote badilisha paipu na hosi zote za breki. Mfumo ni mmoja kwa magurudumu yote. Paipu moja ikipasuka, hakuna breki. Na rimu zake zina ringi ya chuma inayoshikilia tairi. Ringi yenye kutu ikichomoka wakati wa kujaza upepo inaua. Jaza ndani ya kizimba cha chuma, wewe ukiwa mbali na hosi ndefu, au mpelekee mwenye kizimba.

Ningekuwa wewe ningechukua la bandani, kama chesi ni nzima, vibati vipo, na karatasi za umiliki zinasomeka. Na kama una paa. Lori lina urefu wa karibu mita 6 na nusu, pima kwanza.

*Fundi, mume wangu ameshaleta lori la jeshi la aina hiyo nyuma ya nyumba. Sasa anasema anahitaji la pili la kutolea vipuri. Ananidanganya? – Mama wa Nyuma ya Nyumba*

Hakudanganyi, mama. La vipuri linasaidia kweli. Asichokwambia ni kwamba likifika ataliona zuri mno kukatwa. Mimi nilianza na moja, sasa ninayo manne, na hakuna lililokatwa.

Muulize swali moja tu: difu za hilo la pili ni za banjo au za vipande? Akikaa kimya, hajaingia chini yake.