Jibu: Viota vya bei nafuu kwa kuku 20, Buhongwa

Mkuu, kuku 20 wanaokutagia kila kona ya banda hawahitaji viota 20. Kimoja kwa kuku 4 au 5 kinatosha. Hata ukiweka vingi watagombania kilekile.

Hapa Mwanza rahisi ni madumu ya lita 20 ya mafuta ya kula. Yaliyobeba dawa za shamba usiyaguse. Lioshe kwa maji moto na sabuni, lilaze, kata kitako ukiacha ukingo wa chini kama sentimita 10 ili mayai na maranda utakayotandika ndani yasimwagike. Makali yalainishe kwa kisu cha moto. Dumu la njano hupitisha mwanga na kuku hupenda kutagia gizani, kwa hiyo livike gunia kuukuu. Liinue futi moja na nusu, ulifunge lisiyumbe.

Fito za kulalia lazima ziwe juu kuliko viota, la sivyo watalala humo na kila asubuhi utaokota mayai yenye kinyesi. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Maranda omba kwa mafundi seremala, badilisha yakilowa, kagua utitiri.

Kama ni chotara wakubwa, dumu litawabana. Tafuta matenga ya mbao ya nyanya sokoni.