Nyumba ya mjomba iko chini ya miguu yetu

Mheshimiwa Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama ni vema mume na mke waliozeeka pamoja warudi kupatazama mahali walipokula fungate. Nilikusudia kujibu kwa neno moja, kwamba si vema, kwa kuwa mimi na mume wangu tulirudi na hatukupakuta. Lakini tangu nianze kuandika naona kinachonichoma si kule kurudi. Ninachotaka kujua ni hiki: mahali pakiisha kufukiwa, kumbukumbu ya kweli inabaki kwa nani, kwa mume au kwa mke?

Tulifunga ndoa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mwezi wa Februari 1984. Goma na Bukavu zilikuwa bado katika mkoa mmoja wa Kivu, kabla haijagawanywa mwaka 1988. Fungate kwa jina lake ni siku saba. Yetu ilikuwa ya siku nne, kwa sababu shule aliyofundisha mume wangu haikumpa ruhusa ya zaidi. Tulikwenda Goma kwa meli ya Ziwa Kivu, mchana kutwa, kisiwa cha Idjwi kikipita taratibu mbele ya macho yetu, na mjomba wake akatuachia chumba cha mbele katika nyumba yake ya mbao, katikati ya mji, iliyozungukwa na ukuta wa mawe meusi ya volkano.

Asubuhi ya pili nilifua kikwembe nilichopewa na mama yangu siku ya harusi, cha buluu chenye ndege wa manjano, nikakianika juu ya ukuta ule. Aliyeishi Goma anayajua mawe yale: kwa mbali ni kama mkate uliochacha, kwa karibu ni meno matupu. Kilipokauka nilikivuta badala ya kukiinua, kikapasuka shubiri nzima kutoka kwenye pindo. Nikajificha nyuma ya jiko nikilia, kwa maana bibi harusi anayepasua nguo ya mama yake kabla juma halijaisha huogopa hata kivuli chake. Mume wangu alinikuta huko. Hakusema neno. Aliingia ndani, akatoka na sindano na uzi mweusi, kwani hapakuwa na mwingine, akaulainisha kwa mate, akalikosa tundu mara tatu, kisha akaketi kizingitini, mbele ya njia, akaanza kushona. Jirani alikuwa akikaanga sambaza, samaki wadogo wa ziwani, na moshi wake ulitujia. Wanaume walipita, wakasalimu, naye aliitikia bila kuificha sindano. Tangu siku ile nimempima mume wangu kwa kizingiti kile. Iko miaka aliyonikosea sana, na kila mara nilirudi pale moyoni, nikamsamehe.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo, mlima wa volkano ulio juu ya Goma, ulipasuka ubavuni, lava ikashuka hadi mjini, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaliharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikakata katikati ya mji na kuingia ziwani. Nyumba ya mjomba ilikuwa njiani. Yeye na watu wake walivuka kwa miguu hadi Gisenyi, upande wa Rwanda, wakapona, Mungu ashukuriwe. Habari hizo tulizijua kwa miaka kumi na saba, lakini kuzijua ukiwa Bukavu si sawa na kuzikanyaga.

Tulizikanyaga mwaka 2019, miaka thelathini na mitano baada ya fungate. Mji umejengwa upya juu ya lava ile ile, kwa mawe ya lava ile ile, na ardhi yenyewe imepanda. Mume wangu alionyesha duka la misumari na mabati akasema ni hapa. Mimi nilionyesha uwanja ambapo kijana alikuwa akitengeneza chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Kijana akatuuliza: «Munatafuta nani, Mama?» Nikamwambia tunatafuta nyumba. «Ya nani?» Mume wangu akajibu: «Iko chini yako.» Kijana akatazama miguu yake, kisha akasogea pembeni kwa heshima, kama mtu aliyeambiwa kuwa amesimama juu ya kaburi.

Hapo ndipo nilipotaja kizingiti, naye akaniambia kwa upole kwamba hakumbuki kushona. Anakumbuka mkewe mjomba akimnyang'anya sindano. Anachokumbuka zaidi ni usiku wake, nilipomuuliza kama mlima utalala hadi asubuhi, kwa kuwa mlipuko wa 1977 ulikuwa na miaka saba tu. Alijibu ndiyo, hali hajui, akakesha akisikiliza hadi jogoo alipowika. Mimi sikumbuki kuuliza, nilikuwa nimelala. Jioni ile ya 2019 anga juu ya mlima lilikuwa jekundu, jambo ambalo hatukuliona mwaka 1984, tukalitazama bila maneno mengi, kwa maana nilikuwa nimenuna. Niliona kama amenichukulia kitu.

Tuliporudi nyumbani nilikitoa kikwembe sandukuni. Mshono unaanza kwa hatua ndefu, zilizopinda, za mkono usiojua kazi. Karibu na pindo zinakuwa fupi na sawasawa. Nimekimiliki miaka yote hiyo na sikuwahi kuutazama kwa karibu.

Kwa hiyo jibu langu linageuka mkononi mwangu: nendeni. Ila msiende kutafuta nyumba, na msiende kama kati yenu lipo jambo ambalo halijazungumzwa, kwa sababu huko litazungumzwa. Tena siwezi kumwambia mtu yeyote asafiri kwa kujifurahisha tangu vita vilipoingia Goma Januari 2025 na kwetu Bukavu mwezi uliofuata. Sisi tumepatana kwamba amani ikirudi tutapanda boti tena, na safari hiyo nitasimama kwanza pale anaposema yeye, penye duka la mabati, anisimulie usiku ule wote tangu mwanzo.

Msomaji wenu, mama wa Bukavu