Jibu: Kwa nini majarida ya zamani yanageuka njano na kumeguka

Ndugu, umeuliza kwa nini majarida uliyorithi yanamong'onyoka ilhali vitabu vya zamani zaidi bado ni imara. Sababu ni rojo, yaani uji wa nyuzi, lililotengenezea karatasi.

Vitabu vya kale vilitumia rojo la matambara ya pamba na kitani, lenye nyuzi ndefu na safi. Kuanzia miaka ya 1840, huko Ujerumani ikaja njia ya kusaga magogo kwa jiwe ili kupata rojo. Rojo hilo ni rahisi kutengeneza, lakini linabaki na lignini, ile gundi inayoshikilia nyuzi za mti. Lignini ikipigwa na mwanga na hewa hugeuka njano na kuzalisha asidi, na asidi hukata nyuzi polepole. Magazeti ya kila siku na majarida ya hadithi ya bei nafuu yalichapwa kwa karatasi hiyo. Rojo linalopikwa kwa kemikali huondolewa sehemu kubwa ya lignini, ndiyo maana hudumu zaidi.

Tafadhali usiyatie lamineshoni (kuyafunika kwa plastiki) wala usiyabandike selotepu! Hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana gundi ya selotepu huingia ndani ya karatasi na kuacha doa la kahawia lisilotoka. Yalaze bapa, kila moja kwenye bahasha isiyo na asidi, mahali pakavu, pa baridi na penye giza. Ukifungua, shika ukurasa kwa viganja viwili, usiuvute kwa pembe. Yaliyo hoi kabisa yapige picha sasa hivi.