Redio Ghana: kushuka kwa thamani si kufa kwa soko

Hapana ndugu uliyesema soko la redio Ghana limekufa: takwimu za forodha zikionyesha thamani ya redio zinazoingizwa imeshuka, usihitimishe kwamba watu wameacha kusikiliza. Kila bidhaa forodha ina namba yake ya kimataifa (HS): simu yenye FM huhesabiwa chini ya 8517, redio ni 8527, kwa hiyo msikilizaji aliyehamia kwenye simu haonekani kabisa kwenye safu ya redio unayoitazama. Mimi ni wakala wa forodha bandarini Dar, na tarakimu sita za mwanzo za namba hizo ni zilezile huku na Tema, bandari ya Ghana.

Tena 8527 imechanganya na redio za magari (8527.21 na 8527.29). Ziondoe hizo kwanza! Kile kiredio cha Kichina chenye tochi, tundu la flashi na kisola mgongoni kinaangukia 8527.13, maana kinacheza pia muziki uliorekodiwa; cha kawaida cha mkononi ni 8527.19. Linganisha idadi au kilo, usiangalie dola peke yake, kwa sababu bei ikiporomoka thamani hushuka hata kama vipande vimeongezeka.

Ila mizigo inayovushwa kutoka Lomé, Togo, kwa njia za panya karibu na mpaka wa Aflao haimo kwenye takwimu hizo.