Maswali yenu kuhusu gugu karoti: nani aje kung'oa, na aje vipi

Klabu yetu ya bustani hapa Arusha ilipotangaza kwamba inataka watu wa kujitolea kung'oa mimea vamizi, hasa gugu karoti, kando ya barabara na mito, maswali yalimiminika. Nimechukua yale yaliyojirudia zaidi; kwenye mabano ni mahali anakotoka muulizaji.

Gugu karoti nitalitambuaje? Nisije nikang'oa mboga za watu. (Sakina)

Likiwa changa hulala chini, limetandaza duara la majani yaliyochanikachanika kama ya karoti. Baadaye husimamisha bua lenye mifereji na vinyweleo, likatoa matawi mengi juu na maua meupe madogo sana. Sogeza ua karibu na jicho utaona lina pembe tano. Likishiba mvua linapita kimo cha mtoto wa shule. Ukiling'oa, chini kuna mzizi tu, hakuna cha kutafuna. Siku ya kwanza utapangwa na mwenyeji, na ukiwa na shaka na mmea wowote, uache hapo umwite.

Shikamoo. Nina pumu, lakini napenda sana kazi hizi. Nije? (Njiro)

Marahaba. Njoo, ila usishike gugu wala usisimame karibu na wanaong'oa. Chavua yake huamsha pumu na mafua ya mzio. Tuna kitalu cha miche kinachohitaji mikono kuliko hata hiyo barabara.

Na wenye mapafu mazima wasijisahau: glavu, mikono mirefu, suruali, barakoa, kisha nguo zifuliwe siku hiyo hiyo. Kila msimu hatukosi bingwa anayesema yeye amekulia shambani, glavu za nini? Mzio wa gugu hili hujengeka polepole. Ngozi inaweza kulivumilia mwaka mzima, halafu ikaanza kuwasha na kutoka vipele kila likigusa. Asiye na glavu tunampa kazi ya kubeba maji.

Mbona mnarudi palepale kila mara? Mji mzima umejaa, nyie mko kwenye korongo moja! (Moshono)

Hili ndilo swali lililonifurahisha, hata kama limeulizwa kwa kejeli. Gugu karoti asili yake ni Amerika ya kitropiki, na hapa Arusha liligunduliwa mwaka 2010. Mche mmoja mkubwa unaweza kutoa mbegu 15,000 hadi 25,000. Mbegu ni nyepesi, husafiri na maji, na tope la matairi, na malori ya mchanga na moramu, na kwato za mifugo. Nyingine hukaa udongoni miaka kadhaa zikisubiri mvua. Kuanzia kuota hadi kutoa ua ni kama wiki 4 hadi 8 tu.

Sasa piga hesabu. Ukifyeka kilomita nzima leo, ukapiga picha na fulana mpya, ukarudi mwakani, mbegu zitakuwa zimeshamwagika zaidi ya mara moja. Kufyeka kwenyewe hakutoshi, maana kisiki huchipua tena na kutoa maua kikiwa kifupi. Tunang'oa na mzizi, mvua ikiwa imelainisha udongo, kabla ya ua. Wiki chache baadaye tunarudi kwa yaliyoota upya, halafu tunapanda nyasi za kienyeji, kwa sababu gugu hili hupenda ardhi iliyo wazi. Nakubali, kazi hii haina picha nzuri. Lakini kipande kidogo kilichorudiwa kina faida kuliko mtaa mzima uliopitiwa mara moja.

Yaliyong'olewa naweza kuwapa ng'ombe? (Usa River)

Hapana. Maziwa huwa machungu, na ng'ombe akilila kwa wingi anaumwa. Lisilo na ua liache likauke juani. Lenye ua litie kwenye kiroba papo hapo, ulifukie kwenye shimo refu, na usilikokote njiani.

Si mpulizie dawa muondokane nalo? (Kisongo)

Mashambani dawa ina nafasi yake, na ushauri upo kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo makao yake ni Arusha hapa hapa. Kando ya mto hatupulizi. Watu wanachota maji pale, na dawa inayoua kila kijani huua pia nyasi zinazotusaidia.

Mahindi nayo yalitoka Amerika. Mbona hamyang'oi? (Ngaramtoni)

Umetubana vizuri. Ugeni peke yake si kosa. Mahindi yasipopandwa na mtu msimu mmoja yamekwisha. Tunapambana na mmea unaojisambaza wenyewe na kufukuza mingine. Ndiyo maana hata lantana, yenye maua ya kupendeza kwenye nyua nyingi, tunaomba iondolewe: ndege hula matunda yake na kuangusha mbegu msituni, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe. Ukitaka alama ya mpaka, panda masale kama jirani zetu Wachagga.

Kuna posho? (wengi)

Hakuna. Kuna chai na mihogo ya kuchemsha, na ukichelewa mihogo huikuti.